Hema na Kambi katika Bonde la Nakuru

Msafiri anayetoka Nakuru na kushika njia ya Rongai hukutana na kituo kiitwacho Kampi ya Moto. Akiendelea kaskazini hadi ufukwe wa magharibi wa Ziwa Baringo, atafika Kampi ya Samaki. Majina haya hutajwa kila siku na makondakta wa matatu bila yeyote kujishughulisha na maana yake, ilhali yanasema wazi kwamba palipo na maduka, makanisa na vituo vya mafuta leo, hapo awali palikuwa na watu waliolala nje. Wenye kambi waliondoka, jina likabaki. Limebaki pia na sauti yake ya p, ambayo walimu wa Kiswahili sanifu hawajafaulu kuing'oa kwenye vibao vya barabarani, na pengine si vibaya kuiacha hapo.

Kiswahili chenyewe hakikungoja kufika bara ndipo kijue kulala nje. Huko pwani wavuvi wanaofuata misimu ya upepo huenda dago. Yaani huweka makao ya muda ufukweni mbali na kwao, wakavua na kuanika samaki kwa majuma kadhaa, kisha wakarudi majumbani. Hema nalo ni neno lililovuka bahari kutoka Uarabuni na likakubaliwa katika ngeli ya LI-YA bila tatizo lolote. Maneno haya yalipanda bara kwa miguu. Mnamo 1883, Mjerumani Gustav Fischer na Mskoti Joseph Thomson walipoingia Bonde la Ufa hadi Naivasha, kila mmoja na msafara wake, mahema yao yalikuwa juu ya vichwa na mabega ya wapagazi kutoka pwani. Mzigo wa mpagazi mmoja katika enzi hiyo ulikuwa takriban kilo 30. Jioni ilipofika, hema la mkuu wa msafara lilisimamishwa kwanza, na aliyelisimamisha akaenda kujitafutia pa kujikunyata. Vitabu vya wasafiri hao vimesheheni majina ya maziwa na milima. Mikono iliyopigilia vigingi haikupewa nafasi kubwa humo.

Kisha ikaja reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na mwaka 1900 vyuma vikawa vimefika Nakuru, vikitanguliwa na kambi za wajenzi zilizohama kadiri kazi ilivyosonga mbele. Watu walikuwa wameishi hapo tangu kale, kama mabaki ya Hyrax Hill yanavyoshuhudia, lakini mji ni jambo jingine. Nakuru ilitambuliwa kuwa mji mwaka 1904, na tarehe 1 Desemba 2021 ikapewa hadhi ya jiji. Katika eneo hili, basi, hema ni kongwe kuliko mji.

Siku hizi neno kambi likitajwa mbele ya vijana wa Nakuru, kinachowajia akilini ni burudani. Na wana haki. Ni maeneo machache nchini Kenya yaliyojaliwa sehemu za kupiga hema kama bonde hili. Katika Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru, iliyotangazwa kuwa mbuga mwaka 1968 na yenye ukubwa wa kilomita mraba 188, kuna uwanja wa kambi kando ya maporomoko ya Makalia, kusini kabisa, ambako sauti ya maji haikomi usiku kucha. Katika Hell's Gate, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1984 na ambayo mgeni huruhusiwa kuzunguka humo kwa miguu au kwa baiskeli, kuna Ol Dubai na Naiberta. Longonot ina uwanja wake karibu na lango. Kandokando ya Ziwa Naivasha kuna kambi za watu binafsi chini ya migunga mirefu yenye magome ya manjano. Huko Bogoria, upande wa kusini wa ziwa, kuna Fig Tree Camp iliyopewa jina la mikuyu yake. Si mahali pa anasa hata pamoja. Mgeni atakuta choo cha shimo, bomba ambalo huenda likatoa maji na huenda lisitoe, mawe matatu yaliyopigwa weusi na moto wa wageni waliotangulia, na uwanja wa nyasi. Mengine yote huja nayo.

Kupiga hema ni elimu, na kama elimu nyingine, hudharauliwa na asiyekuwa nayo. Mtu asiyejua hutafuta kivuli kwanza, akaliweka hema lake chini ya mgunga mkubwa, naye mgunga humlipa kwa miiba inayotoboa sakafu ya hema na tawi kavu linaloanguka saa nane za usiku. Anayejua huutazama ardhi ilivyoinama kabla hajaitazama mandhari, kwa maana maji ya mvua hayana adabu kwa mgeni. Huuliza upepo unatoka wapi, akaupa mgongo wa hema na si mlango. Huhakikisha turubai la juu limevutwa likakazana, lisiguse kitambaa cha ndani. Vinginevyo pumzi za waliolala hugeuka matone, na asubuhi watu hulaumu mvua ambayo haikunyesha. Kando ya Naivasha huepuka mahali nyasi zilipong'atwa zikawa fupi kama zulia na njia iliyochakaa ikaelekea majini, kwa sababu hiyo ni njia ya kiboko. Mnyama huyo hutoka ziwani usiku kwenda malishoni, na hatari kubwa ni kumkuta mtu amesimama baina yake na maji.

Nyani nao wana darasa lao. Chakula kikiachwa ndani ya hema, zipu si kizuizi kwao. Wakishindwa kuifungua hupasua kitambaa, na hema la kukodi lililopasuliwa na nyani ni kesi ndefu kati ya mkodi na mwenye mali. Viatu huingizwa ndani usiku na hukung'utwa asubuhi kwa ajili ya nge. Kuni hazikatwi mbugani. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, chupa za maji zikiwemo, hazikubaliwi katika mbuga na hifadhi za taifa, kwa hiyo maji huchukuliwa katika vyombo vya kudumu. Kuna pia hatari isiyoonekana kwa macho. Katika korongo la Ol Njorowa, huko Hell's Gate, mvua huweza kunyesha mbali huku mbingu iliyo juu ya korongo ikiwa samawati, na maji yakaja kama ukuta. Watu waliangamia hivyo Aprili 2012, na tena Septemba 2019. Askari wa wanyamapori akisema leo hakuna kushuka korongoni, haifai kumbishia.

Maji ndiyo yaliyoibadilisha ramani nzima ya kambi za bonde hili. Mwaka 2009, wakati wa ukame, Ziwa Nakuru lilikuwa limesinyaa, na waliolipenda walihofu kwamba litakauka kabisa. Haukupita muda mrefu, mambo yakageuka. Kuanzia mwanzoni mwa muongo uliofuata maziwa ya bonde yalianza kujaa, na hayakuishia hapo. Ziwa Nakuru, lililokuwa na ukubwa wa kama kilomita mraba 40, lilipanuka likapita 60. Lango kuu la mbuga na ofisi zilizokuwa karibu nalo zilimezwa, ikabidi lango lihamishwe. Maji yalipopungua chumvi, chakula cha heroe kikaadimika, na ndege hao waliolipamba ziwa kwa rangi ya waridi wakahamia Bogoria kwa wingi mwaka 2013. Bogoria nako barabara ya ufukweni iliyokuwa ikitumiwa na wapiga hema ilizama, na baadhi ya chemchemi za maji moto zikafunikwa. Kule Kampi ya Samaki, mahoteli na nyumba zilizokuwa ufukweni ziligeuka visiwa, kisha zikageuka mapaa. Wataalamu wametaja mvua zilizozidi, udongo unaosombwa kutoka misitu iliyokatwa, na mienendo ya ardhi yenyewe chini ya bonde. Leo mgeni wa Nakuru huona migunga mikavu imesimama majini, myeupe, safu kwa safu.

Wapiga hema hawakuwa wahasiriwa wakubwa wa maji hayo. Wao walirudi kwao na picha za migunga. Wakazi wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, maji yaliwaingilia majumbani mwaka 2020, na tena mwaka 2025. Wenyeji wa fuo za Baringo walihama na mbuzi wao kutoka kilima hadi kilima. Maelfu ya familia ziling'olewa, na baadhi yake zikajikuta chini ya turubai, zikilitazama lile lile ziwa ambalo wengine hulipa ada ya lango ili walale karibu nalo.

Hapo ndipo penye ugumu wa neno hili katika Nakuru, na hapana budi kuurudia mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizozuka nchini Kenya ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwafukuza makwao zaidi ya 600,000. Bonde la Ufa ndilo lililoumia zaidi. Mjini Nakuru, uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo ulijaa watu waliokimbia kutoka Molo, Kuresoi na kwingineko. Mapatano ya viongozi yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, na mwezi Mei serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, lakini si kila mtu alikuwa na nyumba ya kurudia. Uwanja ambao watoto wa shule walikuwa wakiletwa kutazama fahali na mashine za kukamulia maziwa ukawa mji wa mahema. Yalipigwa kwa safu, yakahesabiwa, yakapewa namba. Mvua za masika zilipoanza, kila familia ilichimba mfereji kuzunguka hema lake, na ambaye hakuchimba alijifunza usiku uo huo.

Mwaka 2022, chama cha Kiswahili cha chuo kikuu kimoja cha eneo hilo kilipanga safari ya kulala Makalia kwa usiku mmoja. Miongoni mwa wanafunzi walioandikisha majina alikuwamo binti wa mwaka wa tatu ambaye mwaka 2008 alikuwa na umri wa miaka sita. Wazazi wake walikuwa na shamba dogo upande wa Molo. Yeye, mama yake na wadogo zake wawili waliishi katika uwanja wa maonyesho kwa miezi mitano kabla ya kupata chumba cha kupanga huko Kaptembwo. Baba hakufika uwanjani. Habari hizi hakuna mwenzake chuoni aliyezijua, na yeye hakuona sababu ya kuzitangaza.

Alipomwambia mama yake kuhusu safari, mama alikuwa akichambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Mnalala wapi?"

"Kwenye mahema, mama. Ni mbugani. Kuna askari."

"Mnalipa?"

"Tunalipa."

Mama aliendelea kuchambua. Punje mbovu aliziweka upande wake, mawe upande wake. "Mwanangu," akasema hatimaye, "hema ni hema. Halijui kama umelipa."

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na binti hakuwa na jibu. Hata hivyo mama hakumkataza. Siku ya kuondoka alimpa blanketi mbili badala ya moja, na mfuko wa nailoni mzito uliokunjwa mara nne ambao binti aliutambua mara moja, ingawa hakuuliza ulikuwa umehifadhiwa wapi miaka yote hiyo.

Walifika Makalia alasiri. Ilikuwa kama ilivyo kila mahali wanafunzi wanapopiga hema kwa mara ya kwanza: kelele nyingi, vigingi vichache. Mahema ya kukodi yalimwagwa kwenye nyasi; fito za moja zilichanganywa na za jingine; kijana aliyejitwika uongozi alisoma karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa Kichina na kuitafsiri kwa ujasiri. Binti aliwatazama kidogo. Kisha akachagua mahali palipoinuka, akatoa mawe, akatandika, akaingiza fito, akapigilia vigingi vikiwa vimelala nyuma kama inavyotakiwa, na wenzake walipogeuka hema lilikuwa limesimama, kamba zimekazwa, naye ameshachukua kijembe cha dereva na kuanza kuchimba mfereji kulizunguka.

"Haya! Umejifunzia wapi?" mmoja akauliza. "Ulikuwa skauti?"

"Uwanja wa maonyesho," akajibu.

"Kumbe siku hizi wanafundisha hema kwenye maonyesho!"

Wakacheka, naye akacheka pamoja nao, kwa sababu kicheko hicho hakikuwa na ubaya na hakukuwa na namna nyingine ya kukipokea.

Aliyeukatiza mfereji alikuwa askari wa zamu. Alikuja polepole, mikono nyuma, akatazama udongo uliofukuliwa. "Dada, hapa hatuchimbi. Ukichimba wewe, na wa kesho achimbe, na wa kesho kutwa, uwanja utakuwa matuta ya viazi." Alisema kweli. Uwanja wa kambi huishi kwa kuachwa ulivyokutwa. Binti alitazama mawingu yaliyokuwa yakikusanyika juu ya Mau, akasema, "Mzee, na mvua ikija?" Askari naye akayatazama mawingu. Kitu fulani katika jinsi alivyoulizwa kilimfanya asirudie amri. "Basi uache hadi asubuhi," akasema. "Lakini ukitoka, uufukie. Nitakuja kukagua."

Jioni ile walipika ugali na sukuma wiki, wakachoma mahindi, wakanywa chai iliyonukia moshi. Baridi ya bonde ilishuka kwa ghafla kama ilivyo kawaida yake, na watu wakausogelea moto. Maadamu walikuwa wanafunzi wa Kiswahili, mazungumzo hayakuchukua muda kufika kwenye maneno. Mmoja alitaka kujua kwa nini wanasiasa husema kambi ya fulani na kambi ya fulani, ilhali hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala nje. Mwingine alikumbusha kwamba wanamichezo huingia kambini pia, na wagonjwa wa macho huwekewa kambi za matibabu. Ndipo mwalimu aliyewasindikiza akauliza swali lake: kambi ya wakimbizi na kambi ya watalii zina tofauti gani, ikiwa neno ni moja, na kitambaa ni kimoja, na hata choo cha shimo ni kimoja?

Majibu yalikuwa mengi. Kuna aliyesema ni malipo. Kuna aliyesema ni hiari: mtalii amechagua, mkimbizi amelazimishwa. Kijana mmoja alishikilia kwamba istilahi ya mkimbizi wa ndani ina kasoro, kwa vile mkimbizi ni mtu aliyevuka mpaka, na aliye ndani ya nchi yake hawezi kuitwa hivyo. Akapendekeza neno la kwake, nalo likapingwa pande zote. Mjadala ulikuwa mtamu, wa aina inayowafurahisha watu ambao jambo linalojadiliwa halijawahi kuwagusa.

"Mtalii anajua siku ya kurudi," binti akasema.

Hakupaza sauti. Waliokuwa karibu walisikia, kisha wengine. "Pale uwanja wa maonyesho," akaendelea, "mdogo wangu alikuwa na miaka minne. Kila asubuhi alikuwa akimuuliza mama, leo ndiyo tunarudi? Mwanzo mama alikuwa anasema kesho. Baadaye akaanza kusema nenda ukacheze."

Aliyekuwa ametania alasiri aliinamisha kichwa. Mwalimu hakuongeza neno, na huo ulikuwa ualimu mzuri kuliko mhadhara. Moto ulichochewa. Kando yao mto uliendelea kuporomoka.

Maji hayo ya Makalia hutoka Mau, kama yale ya Njoro na Enderit yanayoingia ziwani humo. Mau ndio msitu mkubwa kuliko yote ya asili ya milimani katika Afrika Mashariki, na wapenzi wa hema hupenda kuutaja kwa sababu ya mitarakwa yake, mianzi yake, na perere wanaolia usiku kwa sauti ambayo mgeni huapa kuwa ni ya mtu anayenyongwa. Lakini msitu huo pia una historia ya turubai. Novemba 2009, serikali ilipowaondoa watu msituni kwa nia ya kuuokoa, familia nyingi zilipiga kambi pembezoni mwake, kwenye baridi ambayo wapanda milima huivalia sweta mbili. Waogiek, ambao wamekuwa wakirina asali humo kwa vizazi, walikwenda hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo mwaka 2017 iliamua kwamba haki zao zilikiukwa. Msitu unahitaji kulindwa. Ukikatwa, hata ziwa hulipa. Ila anayepiga hema mle kwa furaha ya siku mbili anafaa kujua kwamba mahali hapo pana watu ambao kulala msituni kwao ni nyumbani, na kulala kando ya barabara ndiko ugenini.

Walipotawanyika kwenda kulala, binti aliutandaza ule mfuko wa nailoni chini ya godoro lake. Wenzake wawili waliolala naye walizungumza kidogo, wakasinzia. Yeye alibaki macho. Alisikia fisi mara mbili, mbali. Alisikia kitu kizito kikikata nyasi upande wa mto, pengine nyati, na kurunzi ya askari ikapita juu ya kitambaa kama mwezi mdogo unaokwenda haraka. Zaidi ya yote alikuwa akisikiliza mvua. Katika uwanja wa maonyesho alikuwa amejifunza kuitambua tangu tone la kwanza, kabla mama hajaamka, ili awahi kuinua nguo kutoka sakafuni. Mawingu yalikaa juu ya Mau usiku kucha. Mvua haikunyesha.

Kulipopambazuka, ukungu ulikuwa umelala juu ya nyasi na pundamilia walikuwa wakipita ng'ambo ya mto bila haraka. Kuna asubuhi katika bonde hili ambazo hazihitaji kusifiwa na mtu. Binti alitoka, akakung'uta viatu, akasimama. Mwenzake mmoja, yule wa utani, alimletea chai katika kikombe cha bati na kusema, "Samahani kwa jana." Akaipokea. Wakanywa wakitazama maporomoko, na baada ya muda kijana akamuuliza kama angemwonyesha jinsi ya kulaza kigingi, kwa kuwa hema lake lilikuwa limemwangukia saa kumi za usiku. Akamwonyesha.

Simu ya mama iliingia saa tatu, mtandao ulipopatikana kwenye kilima kidogo karibu na gari.

"Mmeamkaje, mama?"

"Salama. Hakukunyesha."

"Niliona mawingu," mama akasema. "Sikulala."

"Hata mimi."

Kimya kikapita baina yao, kisha mama akauliza kama walikuwa wameshakula, na saa ngapi angefika nyumbani, ili asonge ugali ukiwa moto. Binti akamtajia saa.

Mahema yalikunjwa. Majivu yalimwagiwa maji, takataka zikakusanywa hadi kipande cha mwisho cha karatasi. Binti alichukua kile kijembe, akarudisha udongo ndani ya mfereji, kidogo kidogo, akianzia upande wa juu. Aliukanyaga ukashikamana, akapanga mabonge ya nyasi aliyokuwa ameyaweka kando tangu alasiri ya jana, akayamiminia maji yaliyobaki kwenye dumu. Askari alipopita kukagua, alisimama hapo, akatafuta kwa macho mahali palipokuwa pamechimbwa. Kisha akafungua daftari lake na kuandika: wanafunzi 24, mahema 8, wametoka saa nne na robo.